Kiti cha Mama Ndeshi na Sahani za Kutupa

Vijana wangu wa usharika, Bwana asifiwe. Katibu wenu alinifuata nyumbani akaniomba niwaandikie habari za kazi yangu, halafu niweke na mambo ya mazingira. Nikamwuliza, mazingira yananijuaje mimi, muosha vyombo? Akasema, "Mama Baraka, wewe andika tu habari za sahani." Basi naandika habari za sahani. Mkiona herufi zimeinama mnisamehe. Kuandika nimejifunzia ukubwani, darasa la jioni pale Njoro, nikitoka kusugua masufuria ya watu. Mtu akijifunza amechoka, na herufi zake zinatafuta pa kuegemea.

Nimeosha vyombo vya sherehe tangu Baraka wangu yuko mgongoni mpaka akaanza kuvaa viatu vikubwa kuliko vya baba yake. Harusi, ubatizo, kipaimara, misiba. Nyie mnaijua harusi kwa upande wa mbele, kwenye keki na matarumbeta. Mimi naijua kwa upande wa nyuma, kwenye mabeseni. Ukitaka kumjua mtu, usimwangalie anavyocheza, angalia sahani yake inavyorudi. Kuna wanaorudisha mifupa imepangwa vizuri pembeni kama kuni. Kuna wanaofuta midomo kwa wali. Kuna baba mmoja mzito sana, simtaji, sahani yake ilikuwa inarudi na tishu, kijiti cha meno, na kila mara nusu ya nyama aliyoigombania.

Nimeacha kazi vidole vilipokataa. Daktari alivishika, akavigeuza, akasema, "Mama, hivi vimekunywa maji ya kutosha." Nikamshukuru Mungu, nikatundika kanga yangu ya kazi msumarini. Bado iko pale.

Aliyenifundisha ni Mama Ndeshi. Anakaa juu kule, ukipita Rau ukaendelea kupanda mpaka migomba inakutana juu ya barabara. Mjane, mwembamba, sauti kama filimbi ya refa. Alikuwa na sahani zake za bati za kukodisha, na wamama wa kuosha, mimi nikiwa mdogo kuliko wote. Siku ya kwanza nilipiga magoti nikaosha sahani moja mpaka ikang'aa, nikampelekea. Hakuangalia hata nilipong'arisha. Aliigeuza, akapitisha kidole nyuma, kidole kikatoka na mafuta.

"Sahani ina mgongo," akasema. "Rudia."

Ndiyo hivyo. Neno lake lilikuwa hilo hilo. Ungeosha nusu ya siku, akapita, akageuza: "Rudia." Mimi nikifika nyumbani kwangu naota nageuzwa.

Lakini alikuwa na ujuzi, jamani. Mafuta ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, yanaganda kwenye bati kama nta, na ukiyaendea na maji ya baridi unayapaka tu yanazunguka. Kwake yeye, kwanza tulifuta kila sahani kwa jani kavu la mgomba. Mabaki kwa nguruwe wa jirani, majani kwenye shimo la mbolea. Ndipo jivu kidogo, dodoki, maji ya moto, na kusuuza mara mbili. Sabuni alikuwa anaipima kama dawa ya mtoto. Na maji machafu hakuna kumwaga kwenye mfongo, ule mfereji wa wazee wetu unaotoka juu msituni ukagawa maji kwa kila kihamba, yaani kila shamba la nyumbani. Maji machafu yalikwenda kwenye migomba, mbali.

"Wa chini naye ana mdomo," alikuwa anasema hivyo, anaonyesha na kidevu kule bondeni.

Baadaye ikaja sabuni ya maji, ikaja stilwaya, kila mtu akawa na mambo yake. Kuna mama mmoja wa kwetu aliipenda sana sabuni ya maji, alimimina mpaka povu likatoka beseni likamfuata miguuni. Suuza, suuza, povu haliishi. Wageni wa zamu ya pili wamekaa wanasubiri sahani, mshereheshaji amemaliza vichekesho vyake vyote ameanza kuvirudia. Mama Ndeshi akamwambia, "Mwanangu, tumekuja kuosha sahani, wewe unaosha mlima wote."

Sasa nije kwenye kile kiti nilichokiandika juu kabisa.

Mama Ndeshi alikuwa na binti wa mwisho, Neema. Na tangu Neema yuko shule ya msingi, mama yake alikuwa na hamu moja tu, anatuambia tukiwa tumeinama kwenye mabeseni: "Siku Neema akiolewa, mimi nitakaa kwenye kiti. Kile chenye kitambaa cheupe na utepe mgongoni. Nitakaa mwanzo mpaka mwisho. Na mikono yangu itakuwa mikavu." Tulikuwa tunacheka, ila yeye hakucheka. Harusi zote zile za mlimani, hakuna hata moja aliyokula ameketi. Alikula amesimama, jikoni, kwenye kifuniko cha sufuria. Nilimwahidi mbele za Mungu: siku hiyo ikifika, mimi mwenyewe nitahakikisha unakaa.

Ikafika, mwezi wa kumi na mbili, ukoo wote umerudi nyumbani. Mwenyekiti wa kamati akawa Godlisten, mtoto wa kaka yake Mama Ndeshi, anafanya kazi Dar. Kijana mzuri, mcha Mungu, ana suti ya rangi ya anga na viatu vyenye ncha ya kuchokolea meno. Akashusha kwenye gari maboksi na maboksi. Sahani nyeupe za kutupa, nyepesi kama povu lililokauka. Vikombe vya kutupa. Vijiko vya kutupa. Maji ya chupa ndogo, yamefungwa nailoni, yamejaa mpaka mlangoni.

"Shangazi," akasema, "dunia imebadilika. Siku hizi watu hawaoshi. Wanakula, wanatupa, wanaendelea na maisha. Wale wamama wa mabeseni waambie wapumzike."

Wanangu, msije mkadhani mimi nilisimama pale kutetea mazingira. Vidole vilikuwa vimeshaanza kuuma. Niliangalia yale maboksi nikasema, asante Yesu, umenikumbuka mjakazi wako. Nikasaidia na kuyapanga.

Mama Ndeshi alichukua sahani moja, akaigeuza kama kawaida yake, akainyanyua juani. "Godlisten baba, mbona naona mkono wangu upande wa pili?"

"Ndiyo teknolojia, shangazi."

"Haya. Mimi nitakuwa kwenye kiti."

Siku moja kabla ya harusi tulilisha wageni waliotoka mbali. Chakula machalari, ndizi na nyama na mchuzi wake, ya moto kabisa. Ile sahani ikipokea machalari inainama kama mtu anasalimia wakwe. Mzee mmoja kutoka Arusha machalari ilimpitia katikati ya sahani ikamtua kwenye suruali, aliruka mpaka watu wakadhani amepandwa na mapepo. Basi watu wakawa werevu: kila mmoja anachukua sahani mbili, ya kulia na ya kushikia. Wengine tatu. Mpaka jioni nyuma ya nyumba kulikuwa na kilima cheupe, na chupa, na vijiko, ukingoni mwa mfongo kabisa, mahali Godlisten alipoelekeza. "Tutachoma kesho," akasema.

Hapo niwaambie kitu cha darasani. Mwalimu wetu wa jioni aliwahi kunisimamisha nitunge sentensi. Nikasema, "Nimetupa takataka." Akaniuliza, "Umetupa wapi, mama?" Dada mmoja nyuma akajibu, "Kwa jirani!" Darasa zima likacheka, mimi nikacheka kuliko wote. Nilikuja kulikumbuka swali lile asubuhi ya harusi.

Maana ile jioni mvua ilinyesha. Asubuhi kilima hakipo. Pasafi, kama malaika wamefagia. Godlisten akatoka na mswaki mdomoni, akatazama, akasema, "Mmeona? Mungu yuko upande wetu." Mimi nikasema amina. Nikachukua ndoo nikashuka mfongoni kuchota maji ya pilau.

Mfongo mkavu. Matope, na kijiko kimoja cheupe kimesimama katikati kama bendera.

Nikakimbilia bomba. Mwezi wa kumi na mbili mlima wote uko nyumbani, wote wanaoga. Bomba lilikohoa, likatoa hewa, likanyamaza. Masufuria yamepangwa, moto umewaka, wageni wanakuja saa nane. Mama Ndeshi alikuwa amekaa uani, nywele zimesukwa, kucha zimepakwa rangi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliniona nimeshika ndoo tupu. Akaanza kunyanyuka.

"Kaa, mama," nikamwambia.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kaa."

Hakukaa vizuri, alikaa ubavu, kama kuku anayesikia kipanga. Na hapo ndipo akaingia Meku Eliakimu, mzee anayesimamia mfongo, kihamba chake kiko chini yetu. Gambuti mpaka magotini, matope mpaka kifuani. Mkononi sahani nyeupe iliyong'atwa pembeni.

"Shikamoo, meku, karibu," nikasema.

"Marahaba. Sijaja kukaribishwa. Mwenye harusi ya sahani nyeupe ni nani?"

Tungesema siyo sisi, na boksi liko nyuma yetu.

"Sahani zenu zimelala kwenye kalavati langu, zimepangana moja juu ya nyingine, utadhani ziko kabatini. Maji yamekosa njia yameingia zizini. Nimemkuta Malkia wangu amesimama kwenye maji mpaka tumboni, anakula sahani. Anaona ina mchuzi! Nimemkaba shingo mpaka akaachia hii. Nimefunga maji kule juu, na yatabaki yamefungwa." Akaiweka ile sahani mezani, taratibu, kama mtu anarudisha kitu alichoazima, akaondoka.

Malkia ni ng'ombe wake wa maziwa. Niwatoe wasiwasi, yuko hai, ana kiburi kuliko zamani.

Godlisten hakuogopa. "Tatizo liko wapi? Maji tunayo!" Akaonyesha zile chupa. Haya, tukakaa wamama na wasichana kufungua vizibo. Mmeshawahi kupika pilau la harusi kwa maji ya chupa ndogo? Unafungua, unamimina, sufuria linasema *chwaa*, ukichungulia ndani unaona kama mtu ametema mate. Fungua, mimina. Vidole gumba vikavimba. Shangazi mmoja wa Machame akawa anafungua kwa meno, meno ya bandia yakatumbukia sufuriani tukasimamisha shughuli kuyatafuta. Sufuria la kwanza halijafika nusu, chupa tupu zimetuzunguka mpaka hatuwezi kutoka bila kuteleza. Na wageni watakunywa nini? Na nyama? Na kunawa mikono?

Mama Ndeshi alikuwa amesimama. Kanga ameshaifunga kiunoni juu ya gauni la harusi.

"Mama, uliniambia siku hii utakaa."

"Nitakaaje, Mama Baraka? Mwanangu atalisha watu mate?" Macho yalikuwa yamejaa. "Mimi niliwaambia wenzangu nitakaa. Nililiomba kwa Mungu. Labda niliomba kwa kiburi."

Wanangu, pale nilikasirika. Siyo kwa Mungu. Nilimkamata mabega nikamsukuma akakaa, nikamfungua ile kanga nikajifunga mimi. Halafu nikamgeukia Godlisten. "Mwenyekiti, nenda kaombe msamaha. Nenda na sale."

Nyie mliozaliwa mjini, sale ni lile jani refu la kijani linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba. Ukimkosea mtu, unalifunga fundo, unampelekea, na akilipokea hawezi kuendelea na ugomvi. Hata awe na hasira namna gani. Godlisten akasema analijua. Akaenda mbio. Akarudi anafuta jasho. "Amekataa!"

"Haiwezekani. Ulimpa nini?"

Alikuwa nalo bado mkononi. Jani nene, lina mistari ya njano, limesimama kama upanga.

"Umelitoa wapi hili?"

"Kwenye chungu. Pale kwenye nyumba ya wageni niliyolala."

Mama Ndeshi alicheka mpaka kucha mpya zikamparuza shavu. Alikuwa hajacheka tangu asubuhi. "Meku amesemaje?"

"Amesema anashukuru kwa ua."

Nikamshika mkono mwenyewe mpaka mpakani, nikamwonyesha sale, nikamfungia fundo, nikaenda naye. Meku alikuwa amekaa kwenye kigoda anamkausha Malkia kwa gunia. Godlisten akapiga magoti na ile suti ya anga, kwenye matope, jani mikononi. "Meku, tumekosa. Nimekosa mimi."

Mzee alilipokea. Akalitazama, akamtazama na kijana. "Aika, asante. Mimi nimekusamehe, na Malkia nitaongea naye. Lakini kalavati halijui sale. Linajua mikono."

"Tutatafuta vibarua, meku."

"Mikono hii hapa naiona. Na maboksi yaliyobaki, hata sahani moja isifunguliwe juu ya maji haya. Mkikubali, nafungua."

Basi, kamati nzima, na washenga, na yule mshereheshaji mwenye miwani ya jua, suruali zimekunjwa mpaka magotini, waliingia mfongoni. Walitoa sahani mpaka wakaanza kuziogopa. Ukivuta moja zinakuja sita, na mfupa, na kizibo, na shati la mtu ambaye mpaka leo hajulikani. Gari la bibi harusi likapita linakwenda saluni, Neema akachungulia dirishani na rola kichwani. "Kaka Godlisten! Ndiyo ratiba?" Walimwambia aende zake.

Kalavati lilipofunguka lilitoa sauti kama mtu aliyeshiba. Meku akapanda juu akafungua, na maji yakaja. Kwanza ya matope, halafu ya rangi ya chai, halafu yenyewe. Nilisimama pale nikaimba beti nzima ya wimbo, watu wakadhani matarumbeta yamewahi.

Sasa mtakula kwenye nini? Kwenye stoo ya Mama Ndeshi zile sahani za bati zilikuwepo, zimelala na vumbi lake. Wamama wa mabeseni nilikuwa nimewaambia wapumzike, wengine walikuwa kwenye harusi nyingine huko Mkuu. Nikayatoa mabeseni, nikawasha moto wa maji, nikavunja majani makavu ya mgomba, nikawaita wale wale wa kwenye mfongo. Walikuwa wameshalowa, hawakuwa na cha kupoteza. Niliwafundisha kama nilivyofundishwa. Jivu. Dodoki. Suuza mara mbili. Maji kwenye migomba, wa chini naye ana mdomo. Matarumbeta yalipofika yakakuta wanaume wa suti wamechuchumaa, yakaanza kupiga pale pale, nao wakawa wanasugua kwa mdundo. Ni kazi ya haraka kuliko zote nilizowahi kusimamia, na mbovu kuliko zote.

Nawaambia hivi nyie mnaokaa kamati za harusi, mnaonunua vitu vya kutumika kwa siku moja. Sikatazi sherehe, mimi mwenyewe nikisikia tarumbeta mguu unatangulia. Ila ukiwa dukani, umeshika kile kitu mkononi, jiulize lile swali la mwalimu wangu kabla hujalipa. Mfuko wa rambo ulipopigwa marufuku, jirani yangu alificha yake chini ya godoro, akijigeuza tu kitanda kinanong'ona. Alisema hataweza kuishi bila rambo. Leo ana kikapu, na anatembea nacho kwa maringo utadhani ndiye aliyekibuni. Tunazoea. Na mimi siku hizi nikialikwa nakwenda na kikombe changu kwenye pochi, mnanicheka, nawaona.

Kanisani tulifika kwa wakati, tukinuka jivu. Neema akaolewa. Na ukumbini, pale uani chini ya turubai, kiti kilikuwepo. Kitambaa cheupe, utepe mgongoni. Mama Ndeshi akakikaribia, akakigusa, akaangalia kushoto na kulia kama mtu anayeogopa kuulizwa tiketi. Akakaa. Chakula kikaanza kutoka, maji yakawa yanasikika nyuma kule mfongoni, na mimi nimesimama karibu na kile kiti kama askari wa benki, maana nilikuwa namjua.

Godlisten akaja mwenyewe kumhudumia. Suti imekauka na matope, viatu vinalia *kwachu kwachu*. Amebeba sahani ya bati mikono miwili, bado tupu, ili achague mwenyewe kipande cha ndafu.

"Shangazi, karibu chakula. Hii nimeiosha mimi."

"Aika, baba." Akaipokea. Akatabasamu. Akaigeuza.

Akapitisha kidole kimoja mgongoni mwa sahani, polepole, akakitazama, akakifuta kwenye utepe wa kiti. Akamrudishia.

"Rudia."

Na Godlisten akaenda, kwachu kwachu, katikati ya wageni wote, matarumbeta yakimsindikiza mpaka kwenye beseni. Mama Ndeshi akaweka mikono yake mapajani, ile yenye kucha za rangi, mikavu kabisa, akaegemea nyuma, akasubiri kuletewa.